Je, kutaka uongozi kanisani ni dhambi?

Uchaguzi wa wazee wa kanisa ukikaribia, Marko 10:35-45 haikosi kufunguliwa. Yakobo na Yohana wanaomba kuketi kulia na kushoto kwa Yesu katika utukufu wake, na mimbarini hupigwa kama walafi wa vyeo. Basi anayesema wazi kwamba yuko tayari kuongoza huonekana ana uchu. Anayesema "sistahili" husifiwa.

Woga huo una msingi. Absalomu alikuwa akiamka mapema na kusimama kando ya njia ya lango, akimwambia kila mwenye kesi kwamba hana wa kumsikiliza, mpaka akaiba mioyo ya Israeli (2 Samweli 15). Diotrefe, yule apendaye kuwa wa kwanza katika 3 Yohana, alifikia kuwafukuza waliotaka kuwakaribisha ndugu wageni. Kanisa gani halina Diotrefe wake?

Lakini Marko asomwe hadi mwisho. Yesu hakuwaambia wale wawili waache kutaka. Aliwauliza kama wataweza kukinywea kikombe chake, kisha akasema anayetaka kuwa mkubwa atakuwa mtumishi. Yakobo alikinywea kweli: Herode alimwua kwa upanga (Matendo 12:2). Na wale wanafunzi kumi waliowakasirikia? Luka 22:24 inawakuta mezani, usiku wa karamu ya mwisho, wakibishana nani mkubwa.

Hasara ya kuwatia haya wenye nia njema iko katika Waamuzi 9. Miti inatafuta mfalme. Mzeituni unakataa, mtini unakataa, mzabibu unakataa. Mti wa miiba unakubali papo hapo, tena kwa vitisho vya moto. Kwa mfano huo Yothamu, mwana wa Gideoni, alikuwa akimsema ndugu yake Abimeleki, aliyepewa vipande 70 vya fedha kutoka nyumba ya mungu Baal-berithi, akakodi wahuni na kuwachinja ndugu zake juu ya jiwe moja. Rudi sura moja nyuma umwone baba yao. Gideoni aliukataa ufalme kwa maneno matamu, "Bwana atatawala juu yenu," na hapo hapo akaomba pete za nyara: shekeli 1,700 za dhahabu, zikawa naivera, vazi la kikuhani, nayo ikawa tanzi kwake na nyumba yake. Wazee wa namna hiyo tunao. Cheo hawana, ila hakuna linalopita bila wao.

Paulo anasema atamaniye kazi ya askofu atamani kazi njema, kisha anaagiza mashemasi wajaribiwe kwanza (1 Timotheo 3:1, 10). Kwa hiyo kabla jina halijaingia kwenye kura, mwenye nia apewe kwa miezi sita kazi isiyo na kipaza sauti: kutembelea wagonjwa, kufagia, kuhesabu sadaka na wenzake wawili na wote watie sahihi. Mwenye uchu atachoka mapema au aanze kutuma watu. Kipimo chenyewe kisitangazwe, maana kikitangazwa kinageuka kampeni: atafagia siku wazee wanapokuwepo tu.