Karanga za ukurasa wa 61

Jumapili ile nilitoka ibadani na amani yangu yote, Biblia kwapani, nikamkuta mzee mmoja wa kanisa amesimama chini ya mwarobaini, anatafuna karanga huku akisoma karatasi aliyofungiwa. Mara akaacha kutafuna. Akanitazama, akairudia karatasi, akanitazama tena.

"Mwalimu, huu si mwandiko wako?"

Nikasogea. Upande wa mbele ulikuwa jaribio la Sayansi la darasa la tano. Mwanafunzi kapata 18 kwa 50, na alipoambiwa ataje vyanzo vitatu vya maji kaandika: bomba, ndoo, jirani. Upande wa nyuma, kwa wino wa bluu, herufi g zote zimepinda mkia kama mbuzi aliyeona mvua, kulikuwa na maneno haya: "Naam, hela za sadaka ya mavuno nilizila mimi. Milioni mbili na laki nne. Mungu alikuwa anajua, na sasa nawe ujue."

Hapo lazima niwaambie jambo moja. Mweka hazina wa kanisa letu ni mimi.

Niliitwa mwaka 2021, kwenye mkesha. Wenzangu usiku ule waliitwa kuhubiri, wengine kuimba, kijana mmoja akaitwa kununua gitaa. Mimi nikaitwa kuandika riwaya. Neno nililopata ni lile la Habakuki sura ya 2, iandikwe njozi ili aisomaye asome kama maji. Nikasema amina. Kesho yake nikaenda dukani kuuliza bei ya rimu ya karatasi, nikarudi nyumbani kuomba zaidi.

Jibu likaja: nyumba ya mwalimu ina karatasi hadi uvunguni. Majaribio ya zamani, upande mmoja kosa la mtoto, upande wa pili mweupe pee. Nikawa naandika humo usiku watoto wakishalala, kurasa nazipa namba kwa kalamu nyekundu. Shuleni waliniuliza kwa nini siku hizi nasimamia majaribio mengi. Nikasema ni kuinua taaluma.

Riwaya yenyewe ni ya mweka hazina anayekula sadaka ya mavuno, anatoroka kwa treni kwenda Dar es Salaam, anatubu njiani. Nimeiandika kwa nafsi ya kwanza ili toba iume. Mtu mmoja wa vitabu aliwahi kutushauri kwamba mwandishi aandike kile anachokijua. Hakutuambia gharama zake. Sura ya treni ndiyo iliyonitoa jasho. Nilipoanza, treni ilikuwa ile ya zamani, inalala njiani, mtu anapata nafasi ya kumkumbuka mama yake na kuungama hadi maembe aliyoiba utotoni. Mwaka 2024 SGR, treni mpya ya umeme, ikafika Dodoma kwetu, safari ikawa chini ya saa nne. Ikabidi nimharakishe mwizi wangu: Kilosa ameshaanza kulia, Morogoro amesamehewa.

Kurasa 146. Nilizitia kwenye kiroba cha unga, nikakipandisha juu ya kabati nisubiri kupata hela ya kuchapisha.

Jumapili hiyo nilifika nyumbani mbio. Kabati lipo, kiroba hakipo.

"Mke wangu, makaratasi yangu yako wapi?"

"Yapi? Ya mitihani? Nimempa bibi wa karanga. Si ulisema mwenyewe yakijaa nimpe?"

"Yale yalikuwa juu ya kabati!"

"Mwalimu, nyumba hii nzima ina mitihani. Sasa mimi ningejuaje kuwa ile ya juu ya kabati ndiyo imeokoka?"

Sikuwa na la kusema. Kweli nilisema mwenyewe.

Bibi wa karanga anakaa kona ya pili kutoka kwetu. Karanga zake zinatoka Kongwa, hukohuko ambako Waingereza waliingia mwaka 1947 na matrekta, mengine yamegeuzwa kutoka vifaru vya vita, walime karanga wapate mafuta ya kula kwao. Ardhi ikawakaukia kama saruji, mvua ikawagomea, mwaka 1951 wakafunga virago wameacha zaidi ya pauni milioni 30 kwenye ule mchanga. Mimi nilidhani karanga za Kongwa zilishamaliza hasira zake.

"Mbukwa, bibi."

"Mbukwa, mwalimu. Leo unakula karanga?"

"Nataka karatasi, bibi. Zile alizokupa mke wangu."

"Zimeshafungwa, mwanangu. Nyingine wajukuu wamepeleka Jamatini, nyingine soko la Majengo, nyingine Sabasaba."

"Basi nifungulie hizi za kwenye sinia, nikulipe karatasi."

Akanitazama kwa huruma, vile wanavyotazamwa watu waliosoma sana. "Karatasi bila karanga siuzi. Karanga nizimwage wapi?"

Nikanunua sinia zima. Pakiti 60 za shilingi 200, elfu kumi na mbili taslimu. Kisha nikapanda daladala mpaka Jamatini, nikawa nawafukuza wajukuu katikati ya magari, nauliza kila abiria mwenye pakiti kama amemaliza. Konda mmoja akanipa karatasi na mia mbili juu, akaniambia pole mzee, Mungu atakufungulia. Sikuikataa. Nilikuwa nimebakiza nauli ya kurudi tu.

Usiku ule familia ilikula karanga. Asubuhi tukanywa chai kwa karanga, mchana mlenda wa karanga. Kufika Jumanne tumbo langu lilikuwa linatoa mlio wa pikipiki inayokataa kuwaka, na jioni hiyo ndiyo niliyoitwa mbele ya wazee wa kanisa.

Ukurasa wa 61 ulikuwa mezani, umetulia, una doa la mafuta pale kwenye "nilizila mimi".

Mzee wa mwarobaini ndiye aliyeanza. "Mwalimu, hili jambo ni kweli au si kweli?"

"Ni hadithi, mzee."

"Hadithi ni kweli?"

"Hapana. Nimetunga."

"Kwa hiyo miaka yote hii mweka hazina wetu amekaa anaandika uongo."

Mnaona mtego. Nikisema kweli, mimi mwizi. Nikisema si kweli, mimi mwongo. Nikajitetea kwa mifano ya Bwana. Nikawaambia Msamaria mwema hakuna aliyemdai kitambulisho, na nyumba ya baba wa mwana mpotevu hakuna aliyeuliza ipo mtaa gani. Wakatikisa vichwa, nikaona naelekea kushinda.

"Sawa," akasema mzee. "Lakini Yesu hakuandika 'nilizila mimi'."

Nikatoa silaha ya mwisho. "Wazee wangu, huyu anayesema 'mimi' humo ndani anakufa ukurasa wa 143. Mimi si niko hapa?"

Kimya. Katibu akainua kalamu. "Amekufa, halafu anaandikaje?"

"Hilo ni suala la ufundi."

"Tuletee huo ukurasa."

Nikawaeleza kuwa ukurasa wa 143 bado uko sokoni.

Mchungaji, ambaye muda wote alikuwa ameziba mdomo kwa leso na mabega yakimtikisika, akaamuru daftari la hazina liletwe na sanduku lihesabiwe. Wakahesabu mara mbili. Hakikupungua kitu, zikazidi shilingi 700. Basi nikakaa nusu saa nyingine nikieleza hizo 700 zimetoka wapi, na mpaka sasa sijui.

Tulipofunga kwa sala, mchungaji akanishika bega, akanikumbusha Yeremia 36: mfalme Yehoyakimu alilikatakata gombo kwa kisu, akalichoma moto, na Baruku akaliandika upya, likaongezwa maneno mengi. Nilishukuru. Tatizo ni kwamba Baruku alikuwa na Yeremia wa kumtajia maneno upya. Mimi nilitunga peke yangu saa saba usiku, na kumbukumbu zangu zote zilikuwa kwenye kiroba.

Nje giza limeshaingia, nasikia mtu ananifuata. Ni yule mzee wa mwarobaini. Akatazama huku na huku, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mwalimu, nina ukurasa wa 97," akanong'ona. "Yule binti wa kwaya anabaki kituoni na begi. Treni imeondoka. Alirudi kwao au alimfuata?"

"Iko ukurasa wa 98, mzee."

"Wa 98 anao nani?"

Ndivyo tulivyo mpaka leo. Kurasa 119 zimerudi, zote zinanukia karanga za kukaanga. Wa 98 tuliupata kwa fundi viatu, kauziba nao dirisha. Mke wangu sasa hatoi karatasi yoyote nje, hata risiti ya umeme, mpaka niweke sahihi. Bibi wa karanga naye ananiuliza lini nitaleta nyingine, maana wateja wa Majengo wameanza kuchagua pakiti kwa mwandiko.

Wa 143 bado. Nyuma yake kuna jaribio la Hisabati, mtoto kapata sifuri na nimemwandikia "jitahidi". Kama ni wewe uliyenao, karanga kula, karatasi nirudishie.