Fedha za Msaada Zianzie Kibaigwa

Mwezi Machi 2024 zilienea habari kwamba mchele ulioongezewa virutubisho, maharage na mafuta ya alizeti kutoka Marekani vimeletwa kwa ajili ya wanafunzi wa Mkoa wa Dodoma. Watu wengi walibishana kuhusu virutubisho, wengine wakahofia sumu. Mimi niliumizwa na mafuta. Anayesafiri kutoka Dodoma kwenda Singida huyaona madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya barabara kuu, yakisubiri mnunuzi. Hussein Bashe, aliyekuwa Waziri wa Kilimo, alitaka fedha za namna hiyo zinunue mazao ya wakulima wetu na virutubisho viongezwe hapahapa nchini, nami naamini alikuwa sahihi.

Sisemi hivyo kwa kumbeza mtoto aliyekula chakula kile. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, na ikikatika Februari mahindi hukauka yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Mtoto anayeshinda darasani na njaa haulizi sahani yake imetoka wapi. Ninalolalamikia ni utaratibu unaoona ni rahisi zaidi kuvusha gunia baharini kuliko kulinunua katika soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa.

Utaratibu huo si wa Dodoma peke yake. Mwaka 2016, mjini Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ya kibinadamu itayafikia mashirika na taasisi za nchi husika kwa njia fupi kadiri inavyowezekana. Ahadi hiyo haikutimizwa. Matokeo yake, mfadhili mmoja akiyumba, huku chini kila kitu huyumba. Juni 2023 mgao wa chakula wa wakimbizi wa Nyarugusu na Nduta, mkoani Kigoma, ulipunguzwa hadi nusu kwa uhaba wa fedha, na Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje kwa amri moja ya Rais wake.

Hata msaada ukifika, kumfikia mhitaji ni safari nyingine. Niliwahi kuwapo katika ofisi ya kijiji kimoja wilayani Bahi siku ya kugawa mahindi. Bibi mmoja alifika na kiroba kitupu, jina lake halikuwamo, kwa sababu siku ya kuandikishwa alikuwa ameshinda korongoni akichimba maji mchangani.

“Bibi, orodha imeshafungwa mjini,” mtendaji alimwambia kwa upole.

“Mwanangu, huko mjini nani ananifahamu?”

Mtendaji hakuwa na jibu. Yeye alimfahamu, majirani waliokuwa kwenye foleni walijua idadi ya wajukuu anaowalea, na mkutano wa kijiji ungeweza kumwingiza kabla jua halijazama. Lakini shirika lililoleta mahindi halikuruhusu jina kuongezwa bila idhini ya makao makuu yake, na makao makuu hayo yako ng’ambo. Bibi alikikunja kiroba chake, akakifutika kwapani, akaondoka.

Kwa hiyo naomba wafadhili waliobaki, na Serikali yetu inayotia saini mikataba nao, wakubaliane kwamba nafaka itafutwe kwanza Kibaigwa, na kwamba orodha ya wahitaji ibaki wazi mikononi mwa mkutano wa kijiji hadi gunia la mwisho litakapogawiwa.