Mvutano nao lazima uwe wa kikwanta?

Desemba 2023, Jonathan Oppenheim wa University College London alichapisha nadharia inayowakera wenzake wengi: huenda mvutano, nguvu inayoangusha vitu chini, si wa kikwanta hata kidogo, yaani haufuati kanuni za fizikia ya kwanta, zile za vitu vidogo kama atomu. Dau alishaweka, 5,000 kwa 1 (akishinda analipwa 5,000, akishindwa analipa 1), dhidi ya wanafizikia Carlo Rovelli na Geoff Penington, wanaoamini mvutano ni wa kikwanta.

Wanaompinga wana hoja nzito. Mwaka 1957, mwanafizikia Richard Feynman aliuliza hivi: gololi ikiwa mahali pawili kwa wakati mmoja, kama kwanta inavyoruhusu, mvutano wake unaelekea wapi? Ukielekea upande mmoja, utaichongea gololi iko wapi, na hali yake ya kikwanta itavunjika. Basi mvutano nao uwe pande mbili. Shida inaanza ukikaa kukokotoa: majibu yanakua bila kikomo. Nadharia ya nyuzi, inayosema chembe zote ni nyuzi ndogo zinazotetema, inayatibu, ila kuipima moja kwa moja kunahitaji nishati inayozidi ya LHC, mtambo wa kugonganisha chembe ulioko Geneva, kwa takribani mara milioni bilioni. Tiba gani hiyo isiyopimika?

Oppenheim anapenya kwingine. Mvutano wenyewe ukiwa unayumbayumba kwa nasibu, anasema, hauwezi kuichongea gololi. Gharama yake si ndogo, maana taarifa za kikwanta hupotea kabisa, zisirudi, jambo ambalo wanafizikia wengi hawalimezi. Lakini anatoa kitu cha kupima: uzito wa kilo moja, ukipimwa kwa makini ya kutosha, utaonekana ukicheza. Usipocheza, kashindwa. Hapo namheshimu.

Kipimo kingine kilipendekezwa mwaka 2017. Vitu viwili vidogo, kila kimoja mahali pawili, viachwe vivutane tu. Hali zao zikifungamana, yaani ya kimoja isielezeke bila ya mwenzake, mvutano ni wa kikwanta. Kusema ni rahisi, ila kitu hicho kinatakiwa kiwe kizito kiasi mvutano wake upimike, na kidogo kiasi cha kuwa mahali pawili. Kitu kidogo kabisa ambacho mvutano wake ulikuwa umepimwa kufikia 2021 ni kigololi cha dhahabu cha miligramu 90, huko Vienna. Katika jiji hilohilo, mwaka 2019, molekuli zenye uzito wa atomu 25,000 hivi za hidrojeni zilionyeshwa zikipita njia mbili kwa pamoja. Kigololi kinaizidi molekuli hiyo uzito zaidi ya mara bilioni bilioni.

Mimi ningesimama na Rovelli, kwa hoja ya Feynman. Ila kwa 5,000 kwa 1, pesa yangu ingebaki mfukoni.