Nilivyomdai mjomba kwenye kiti kitupu

Deni lenyewe ni laki tatu na nusu. Mjomba aliniomba za mabati, nyumba yake ya Muheza ilikuwa inavuja, akaapa kurudisha machungwa yakivunwa. Machungwa yamevunwa misimu miwili. Kila nikimpigia anaanza kukohoa, kile kikohozi chake cha sigara, kisha ananiuliza bibi hajambo? Namwambia hajambo, tunaagana. Tena mimi ndiye ninayeomba radhi kwa kumsumbua.

Hilo ndilo lililonipeleka kwa mshauri. Deni nilishazoea, nilichoshindwa ni kulitaja. Nilikuwa nakesha mpaka saa nane usiku nikimgombeza mjomba kichwani, asubuhi dukani namfokea mtu aliyekuja kununua misumari nusu kilo. Rafiki yangu akanipa namba ya dada mmoja aliyesomea saikolojia, yuko Dar, anaongea na watu kwa video. Dakika hamsini, elfu thelathini. Nikapiga hesabu: vikao kumi na mbili na deni lote limeliwa, na elfu kumi ya juu.

Kabla ya kuanza akanitumia fomu ya kujaza kwenye simu. Jina, umri, uko wapi saa hii, na namba ya mtu wa karibu wa kupigiwa likitokea la kutokea. Sikutaka kutoka kwenye fomu nikatafute namba, nikaandika ninayoijua kwa kichwa. Namba ninayoijua kwa kichwa hapa duniani ni moja tu, maana nimeipiga miaka miwili. Nikaandika ya mjomba.

Akaniambia pia nitafute mahali pa faragha. Dada wa watu hajui nyumba za Ngamiani, hapa Tanga mjini. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kuta zimeishia nusu njia, hazijafika juu. Ukipiga chafya chumba cha mwisho ukasema alhamdulillahi, yarhamukallah zinakujia kutoka vyumba vitatu. Mimi nina chumba cha mwisho, bibi yangu mzaa mama ana cha jirani. Mlango wangu hauna komeo, nauegemeza ndoo.

Vikao viwili vya kwanza vilipita salama. Kuhesabu pumzi, kuandika kwenye daftari kila hasira ilipoanzia. Cha tatu ndicho chenye kisa.

"Una kiti hapo?" akaniuliza. Ninacho, cheupe cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya. "Kiweke mbele yako. Fikiria mjomba wako amekaa pale. Mwambie yote unayomficha."

Baadaye nilisoma kwamba mbinu hii ilienezwa na Fritz Perls, daktari aliyezaliwa Berlin mwaka 1893, na kabla yake Jacob Moreno alikuwa akiwapandisha watu jukwaani waigize ugomvi wao. Sidhani kama kati yao yuko aliyewahi kupanga chumba jirani na bibi aliyezaliwa Pangani. Maana huku kwetu pwani, mtu aliyepandwa na pepo huitwa kiti. Pepo ndiye anayekikalia. Na bibi katika ujana wake ngoma za pepo hakusimuliwa, alikwenda kwa miguu yake.

Nilianza kwa aibu, sauti ya chini. Ila nilivyokitazama kile kiti, nikawa naona kabisa kofia ya mjomba. "Umenitesa miaka miwili! Silali kwa sababu yako! Unataka nini kwangu? Nimekukosea nini?" Masikio yangu yana earphone, kwa hiyo sikujua kwamba ukumbini kufagia kumesimama.

Dada akafurahi. "Vizuri sana. Sasa wewe kaa kwenye kiti. Uwe yeye. Mimi nitakuuliza, unijibu kama yeye."

Nikakaa. Ile kukaa tu, kikohozi kikanijia chenyewe. Nadhani ningekuwa msanii mimi.

Sasa ninachokisimulia hapa nimekipata baadaye, kwa bibi na majirani. Dada kwenye simu aliniuliza, wewe ni nani? Sekunde hiyo hiyo bibi nyuma ya mlango, ubani umeshawaka kwenye chetezo, alikuwa anauliza vilevile: "Wewe nani? Umekuja kwa heri au kwa shari?"

Nikakohoa. "Mimi ni mjomba wake. Sina ubaya naye."

"Unataka nini kwake?" akauliza dada. Akauliza na bibi.

"Anisubiri. Anisubiri mpaka machungwa."

Bibi alikuwa amejiandaa kwa jini wa baharini, labda Mwarabu, wa kutaka sinia na marashi. Hakujiandaa kusikia sauti ya mwanawe wa kumzaa. Mtu yuko Muheza, sauti yake inatokea kwenye kinywa cha mjukuu Ngamiani. Kwa bibi hilo lina maana moja tu, mwanawe hayupo tena.

Ndoo ikaruka. Nilichokiona mimi ni moshi, halafu bibi na mrashi mkononi, ananinyunyizia usoni huku analia, "Mwanangu! Mwanangu umeniacha!" Simu ikapata marashi yake ya kutosha, ikanitoka mkononi, ikaanguka chali, ikazima. Picha ya mwisho aliyoiona dada kule Dar ni ajuza aliyefunikwa moshi ananirukia.

Kwa hiyo alifanya alichosomea. Alifungua fomu yangu, akapiga namba ya mtu wa karibu. Siri zangu hakuzitoa hata moja, sifa hiyo namwachia. Alimwambia mjomba tu kwamba mpwa wako huenda hayuko salama, mtu wa kufika haraka ni nani?

Wakati anaongea naye, bibi yuko ukumbini anampigia mwanawe, simu ya kitochi, spika imefunguliwa mpaka mwisho. Namba unayopiga inatumika kwa sasa.

"Inatumika!" bibi akapiga kelele. "Inatumika na nani? Na Izraili?"

Nilijaribu kueleza. Kumweleza bibi saikolojia huku nanuka ubani na maji ya waridi si kazi ndogo. Mama wa chumba cha pili alikuwa ameshatandika mkeka. Wa tatu alikuja na sufuria kubwa. Mtu mmoja, sikumwona nani, aliweka elfu mbili kwenye sahani, na sahani ikishaingia elfu mbili ya kwanza haisimami tena.

Haikupita saa moja na nusu, pikipiki ikafunga breki nje. Mjomba akashuka analia. Akaona mkeka, akaona wanawake wamejifunika kanga, akaona sahani, akakaa chini pale pale mchangani. "Nimechelewa," akasema. "Kijana wangu. Na deni lake sijamlipa."

Maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo.

Yaliyofuata, bibi kumpiga mwanawe kwa kandambili kwa kuwa hai, majirani kudai rambirambi zao mmoja mmoja, sitayaeleza. Walipotulia, mjomba akaingia chumbani kwangu, akaketi kwenye kiti kile kile, akafuta jasho kwa kofia. Nikajiambia leo ni leo.

"Mjomba. Ile laki tatu na nusu."

Akakohoa. "Nisubiri, mjomba wangu. Mpaka machungwa."

"Hiyo hiyo!" bibi akaruka kutoka ukumbini. "Ndiyo sauti niliyoisikia mimi!"

Kijana wa pikipiki akachungulia mlangoni. Alikuwa anasubiri elfu ishirini na tano yake kutoka Muheza, na mzee alitoka mbio bila hata kupapasa mfuko. Mjomba akanitazama. Bibi akanitazama. "Mume wangu," akasema bibi kwa upole, "usituaibishe."

Usiku simu ilipokauka na kuwaka, ujumbe wa dada ulikuwa wa kwanza kuingia: nipo salama? Tukutane Alhamisi? Na kama naweza, wiki hii nijaribu kumwambia mtu hapana, hata mara moja. Nikamjibu nipo salama. Kisha nikachukua daftari la hasira, ukurasa wa mjomba, nikakata 350,000 nikaandika 375,000.