"Nafasi haiko" si jibu: dai karatasi

Kila mwisho wa Agosti karatasi ile hurudi getini. Ni A4 moja iliyoshikizwa kwa skochi, pembe moja ya chini imeshabanduka na kushika vumbi jekundu, na katikati pameandikwa neno moja la Kifaransa kwa wino mzito: COMPLET, yaani pamejaa. Haina tarehe wala sahihi. Haisemi ni darasa gani lililojaa, la kwanza au la tano, wala limejaa kwa watoto wangapi. Mama aliyemshika mtoto mkono anaisoma, anamwangalia mlinzi, na mlinzi anamwambia kwa upole kabisa: "Mama, nafasi haiko tena. Rudia mwaka ya kuya." Mama anageuka na kurudi nyumbani. Basi, haki ya mtoto imeishia hapo, mdomoni mwa mtu ambaye hata daftari la wanafunzi hajawahi kulifungua.

Hapa Lubumbashi, iwe komini ya Katuba, Kenya, Ruashi au Kampemba, mambo ni yale yale, na kinachonikera zaidi si hata kukataliwa kwenyewe. Shule inaweza kujaa kweli. Kinachonikera ni kukataliwa kwa mdomo. Neno la mdomo halikatiwi rufaa. Ukienda nalo ofisini utaulizwa: nani alikukataa, lini, kwa sababu gani? Hutakuwa na la kuonyesha. Kesho direkta, mkuu wa shule, atasema hajawahi kukuona, na atakuwa anasema kweli, maana hukufika kwake. Ulifika getini tu.

Katiba yetu ya Kongo (DRC) ya tarehe 18 Februari 2006 haikuliacha jambo hili hewani. Kifungu cha 43 kinasema wazazi wana haki ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao, na kwamba shule ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma. Kifungu cha 45 kinampa kila mtu njia ya kuingia katika shule za elimu ya taifa bila kubaguliwa kwa asili, dini, jinsia wala hali ya mwili. Kifungu cha 13 kinaongeza hali ya maisha na mahali mtu anapoishi. Tena shule ya paruwasi au ya Waprotestanti inayoendeshwa kwa mkataba na serikali ni shule ya umma, si mali ya padri wala ya mchungaji. Kanisa linasimamia, lakini mshahara wa mwalimu unatoka serikalini. Kwa hiyo kumwambia mzazi kwamba mtoto hawezi kuingia kwa sababu familia yao ni ya kanisa jingine ni kuvunja Katiba, na hilo liandikwe hivyo hivyo kwenye barua ya malalamiko.

Sasa tuje kwenye karatasi, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapoanguka.

Ombi linaandikwa mapema. Buletini, karatasi ya matokeo ya mtoto, hutolewa mwaka wa shule unapofungwa, tarehe 2 Julai, na masomo hufunguliwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Kati ya siku hizo mbili kuna miezi miwili, na wiki ya kwanza ya Julai ina thamani kuliko Agosti nzima, kwa kuwa direkta bado yupo ofisini na orodha za mwaka mpya bado zinapangwa. Barua ni ukurasa mmoja, kwa Kifaransa, maana ndiyo lugha ya makaratasi ya serikali. Kama Kifaransa kinakusumbua, mwombe kijana wa jirani anayesoma akuandikie, lakini sababu ziwe zako. Weka anwani yako kamili (namba ya nyumba, avenyu, mtaa, komini), simu inayopatikana, jina la mtoto, darasa unaloliomba na mwaka wa shule. Shule ya msingi unamwandikia direkta, sekondari unamwandikia prefe.

Sababu zisizidi tatu, na ziwe za kupimika. "Shule yenu inasifika" haisaidii kitu, kila mzazi anasema hivyo. Andika kwamba kutoka nyumbani ni dakika 15 kwa mguu, na shule nyingine iliyo karibu iko ng'ambo ya barabara ya malori ya madini. Andika kwamba dada yake yuko darasa la nne hapo hapo na ndiye anayemshika mkono asubuhi. Andika kwamba mtoto ana ugonjwa, na uambatishe karatasi ya daktari. Kwa sekondari, andika kwamba seksheni (mchepuo wa masomo) anayoitaka haipatikani shule nyingine ya komini yenu. Direkta anaweza kuikataa sababu ya namna hiyo, lakini hawezi kujifanya haelewi unachoomba.

Ambatisha kopi, kamwe si orijino, za cheti cha kuzaliwa na buletini ya mwaka uliokwisha. Kwa anayeingia mwaka wa saba, na cheti cha kumaliza shule ya msingi. Na kabla ya kupiga kopi, kaa chini usome majina kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. Hapa kwetu mtoto ana jina, postnomu (jina linalofuata) na prenomu (jina la kwanza), na makarani huyachezea. Kwenye cheti ni Mwamba, kwenye buletini ni Muamba. Postnomu imesahauliwa upande mmoja, prenomu imetangulizwa upande mwingine. Mtu anayetafuta sababu ya kukataa hatapata iliyo rahisi kuliko hiyo, na tofauti hiyo itamfuata mtoto hadi siku ya Egzame ya Taifa, yaani mtihani wa taifa. Kama cheti hakipo kabisa, usingoje Julai. Mtoto huandikishwa etasivili, ofisi inayoandika vizazi, ndani ya siku 90 za kuzaliwa. Zikipita, lazima upate hukumu ya mahakama, na mahakama haijui kwamba masomo yanafunguliwa Septemba.

Barua iwe na nakala mbili, na kwangu hili ndilo la kwanza kuliko yote. Moja unaiacha, ya pili unarudi nayo ikiwa na akize: tarehe ya kupokelewa, jina na sahihi ya aliyepokea, na kashe (muhuri) ya shule. Shule yenye daftari la barua zinazoingia itakupa na namba. Iombe, uiandike juu ya nakala yako. Wino wa kashe ukikauka uweke kwenye plastiki. Karatasi hiyo ndiyo inayokutoa kwenye kundi la watu wa getini na kukufanya mtu aliyeomba. Bila hiyo, kwa ofisi zote za juu, hukuomba kitu.

Sekreteri akikataa kupokea, na wapo wanaokataa kwa kuwa wameambiwa wasipokee, usigombane. Mtafute mjumbe wa komite ya wazazi aende nawe kama shahidi. Ikishindikana, ongeza mstari mmoja chini ya barua: siku fulani, saa fulani, nilifika na barua haikupokelewa. Halafu ipeleke moja kwa moja sudivizyo, ofisi ya serikali inayosimamia shule za eneo lenu.

Ndani ya barua ile ile uombe jibu kwa maandishi, na utaje siku. Ikiwa mtoto amekataliwa, sababu iandikwe. Najua wakubwa wa shule hawapendi hilo, na ninaelewa kwa nini. Karatasi ya getini haizuii watoto wote. Inazuia wale ambao wazazi wao hawana mtu ndani. Wiki mbili baada ya COMPLET, watoto wapya wanaonekana kwenye mistari ya asubuhi, na kila mtu kwenye avenyu anajua waliingiaje. Lakini direkta aliyeandika na kutia sahihi kwamba darasa la kwanza lilijaa tarehe 20 Agosti amejifunga. Mtu wa sudivizyo anaweza kuja na barua hiyo mkononi, akafungua orodha na kuhesabu walioandikishwa tarehe 25. Ndiyo maana wanapenda mdomo. Na ndiyo maana sisi lazima tupende karatasi, hata kama inachosha, hata kama kwenda na kurudi ni nauli ya teksibasi mara nne.

Rufaa ni barua nyingine kabisa. Wengi wananakili ombi la kwanza na kuongeza machozi. Hapana, rufaa inajibu sababu uliyopewa. Wakisema darasa limejaa, uliza lina wanafunzi wangapi kwenye orodha, uombe mtoto aandikwe kwenye orodha ya kungoja akiwa na namba yake. Wakisema alishindwa testi ya kuingia, omba alama alizopata na alama waliyoiweka kama kiwango. Mtoto aliyehitimu darasa kwa buletini halali amehitimu, na testi ya nusu saa haiwezi kufuta mwaka mzima bila maelezo. Wakisema buletini haipo kwa sababu shule ya zamani imeizuia kwa deni, hapo tatizo liko kule, si hapa: nenda ukaandikiane ratiba ya kulipa, upate buletini au walau karatasi inayoonyesha darasa alilomaliza, ndipo urudi.

Unaipeleka wapi? Kwa shule rasmi ya serikali, ni kwa mkuu wa sudivizyo inayosimamia shule hiyo, na juu yake divizyo ya mkoa. Kwa shule ya kanisa yenye mkataba, anza na koordinasyo, yaani ofisi ya shule za kanisa husika, kopi kwa sudivizyo. Hiyo kopi usiisahau, ndiyo inayofanya koordinasyo ijue kwamba kuna jicho la pili. Usiende kwa inspekta ukitarajia akupe nafasi: kazi yake ni ufundishaji na mitihani, uandikishaji ni wa utawala. Wazazi wanapoteza wiki nzima kwenye ofisi ya Inspeksyo wakingoja mtu ambaye atawaambia tu waende jengo jingine.

Shule za binafsi ni habari tofauti, mwenye shule ana uhuru mkubwa zaidi. Kule la kuuliza kabla ya kulipa chochote ni agrema, yaani kibali cha serikali, na iwe ya kiwango unachokitaka. Ipo shule yenye agrema ya msingi tu inayofungua sekondari juu yake, na watoto wanakuja kufanyia mtihani wa taifa chini ya jina la shule nyingine.

Barua ya mkubwa fulani au bahasha mezani sizizungumzii. Zinamwingiza mmoja na kumtoa mwingine ambaye jina lake lilikuwa tayari kwenye orodha.

Ndugu zetu walioko Ubelgiji wanatuambia jinsi kule upande wa Kifaransa wanavyoandikisha mwaka wa kwanza wa sekondari: fomu moja tu kwa mtoto, mzazi anapanga shule hadi 10 kwa mpangilio anaoutaka, watoto wanapangwa kwa hesabu inayojulikana, na waliobaki bila nafasi wanashughulikiwa na tume iitwayo CIRI. Wazazi wa kule nao wanalalamika kila mwaka, wengine wanalia. Lakini kila mmoja ana karatasi inayosema yuko wapi kwenye orodha. Karatasi moja ya namna hiyo haihitaji kompyuta. Inahitaji daftari, biki na mtu mwaminifu.

Lazima nikiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba direkta wengi wanaposema wamejaa wanasema kweli. Tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza kutekelezwa Septemba 2019, watoto waliingia kwa wingi kuliko madawati. Benchi la watatu linabeba watano, na mwalimu mwenye watoto 80 mbele yake hafundishi, anatuliza tu. Rufaa yako ikikubaliwa, mtoto wako ni wa 81. Hilo sina jibu lake, na sitajifanya ninalo. Ila darasa lililojaa halimzuii mtu kuandika kwamba limejaa.

Kuna kifungu kingine ambacho wazazi wachache wanakitumia: cha 27. Mkongomani yeyote, peke yake au pamoja na wenzake, anaweza kuiandikia mamlaka ya umma, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tena hakuna anayeruhusiwa kukushitaki kwa sababu umeandika. Miezi mitatu ni mingi kwa mtoto, ukihesabu kuanzia Septemba umefika Desemba, kwa hiyo hiki si cha kungojea nyumbani. Nguvu yake iko kwenye neno "pamoja". Wazazi 20 wa mtaa mmoja, barua moja, sahihi 20, nakala 20 za akize kama kiambatisho: hapo sudivizyo haiwezi kusema ni mama mmoja mgomvi.

Na kama hakuna aliyejibu hadi masomo yafunguliwe, usikae. Mwandikishe mtoto shule nyingine asipoteze siku, huku ombi lako likiwa bado hai. Wiki ya pili na ya tatu ya Septemba ndipo nafasi hufunguka, kwa sababu kuna watoto walioandikishwa shule mbili na kuna familia zilizohama, na mwalimu akiita majina asubuhi tatu mfululizo wengine hawaitikii. Nenda Jumatatu ya wiki ya tatu, saa moja asubuhi, kabla ya kengele. Uwe na nakala yenye kashe kwenye plastiki yake, na mtoto awe amevaa tayari bluu na nyeupe, daftari moja mkononi, ili akiambiwa aingie, aingie siku hiyo hiyo.