Kesi iliondolewa, jina likabaki

Kuna mwandishi aliyeandika kuwa vijana wa Malindi hukosa kazi za hoteli kwa kutosoma. Wengine wamesoma, wamekwama kwenye cheti cha maadili mema, kile cha polisi cha kuonyesha mtu hana rekodi ya uhalifu.

Mpwa wangu alikamatwa 2020, kafyu ya korona, saa moja na nusu usiku, anatoka Shela na ndoo ya samaki. (Changu wanne. Hao hatukuwaona tena.) Kesi ikaondolewa kwa kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, naye akarudi nyumbani akijua yamekwisha. Mwaka juzi kapata kazi Watamu, kalipa shilingi 1,050 za cheti kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kachukuliwa alama za vidole, jibu likaja: ana kesi. Mwajiri hakungoja maelezo.

Kumbe 87(a), ikitumika kabla mshtakiwa hajaanza kujitetea, si kuachiliwa kabisa. Serikali yaweza kumshtaki tena kwa jambo lile lile. Na kumbukumbu za polisi hazijifuti zenyewe, lazima mtu azifuate. Tulienda masijala ya mahakama na namba ya kesi, tukaomba nakala ya uamuzi iliyothibitishwa kwa muhuri, tukaipeleka DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Faili ilikuwa chini kabisa ya rundo, mchwa wameshaonja pembe moja, lakini sahihi ya hakimu yasomeka. Wenye namba zenu za kesi, zitunzeni. Bila hiyo namba karani aanzie wapi?

Cheti safi kilitoka baada ya miezi minne. Nafasi ya Watamu ilikuwa ishapata mtu mwingine zamani. Sasa mpwa wangu yuko Mambrui, apaka mashua rangi.