Wanaodai "wanyongwe kama Marekani" wanaijua Texas?

Kila yanapotokea mauaji ya kutisha nyumbani Tanzania, maoni mitandaoni huwa ni yale yale: Rais asaini, wanyongwe, mbona Marekani wanaua? Sisi tunaoishi Houston tuna deni la kueleza huo mfano unaotajwa unavyofanya kazi. Tangu mwaka 1982 Texas imeua wafungwa zaidi ya 590, wengi kuliko jimbo lingine lolote la Marekani, na wilaya ya Harris, ilipo Houston, ndiyo iliyopeleka wengi zaidi. Msimamo wangu ni kwamba adhabu ya kifo haifai huku wala huko. Hata hivyo, ndugu zangu wanaokasirika kwamba nyumbani hatunyongi wanaliacha jambo zito zaidi: jaji wetu hana ruhusa ya kupima.

Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinasema aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia atahukumiwa kifo. Ukiondoa mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 18, hakuna anayesalimika. Weka pamoja washtakiwa wawili. Mmoja amelipwa akamvizia mtu na kumuua. Mwingine ni kijana aliyesikia kelele za mwizi, akakimbilia kwenye kundi, akarusha mawe na wenzake, na mtuhumiwa akafa. Akishindwa kujitetea kwamba hakuwa na nia ya kuua, kijana huyu anapata adhabu ile ile ya muuaji wa kukodiwa. Umri wake, kwamba ni kosa lake la kwanza, nani aliyewachochea, majuto yake, vyote hivyo havina pa kuingia. Jaji anaweza kuviona wazi na bado akalazimika kutamka kunyongwa hadi kufa.

Ndiyo maana kesi nyingi za mauaji huishia kwa mshtakiwa kukiri kosa dogo la kuua bila kukusudia, upande wa Jamhuri ukakubali. Adhabu ya kosa hilo inaweza kufika kifungo cha maisha au ikawa miaka michache tu, na hapo jaji anapata nafasi ya kupima. Lakini uamuzi mkubwa unakuwa umeshafanywa nje ya mahakama, kwenye mazungumzo ya mawakili. Mwenye wakili mzoefu anafaidika. Anayetetewa na wakili aliyepangiwa na mahakama kwa posho ndogo, pengine wakakutana siku chache kabla ya kikao, anabaki na bahati yake.

Huku Texas utaratibu huo ungebatilishwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa adhabu ya kifo ya lazima mwaka 1976, katika kesi ya Woodson dhidi ya North Carolina. Kesi ya kifo ya Texas ina awamu mbili. Kwanza wazee 12 wa baraza la mahakama, ambao uamuzi wao unamfunga jaji tofauti na wa kwetu, wanaamua kama mshtakiwa ana hatia. Kisha wanasikiliza upya ushahidi kuhusu adhabu: maisha yake, ugonjwa wa akili, mateso ya utotoni, hatari yake kwa siku zijazo. Adhabu ya kifo inahitaji wote 12 wakubaliane. Mmoja tu akikataa, ni kifungo cha maisha bila nafasi ya kuachiwa mapema, adhabu iliyoanza kutumika jimboni mwaka 2005. Rufaa ya kwanza ni ya lazima hata mfungwa asipoiomba, na baada yake hufuata maombi ya mahakama za jimbo na za shirikisho, ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya miaka 10.

Ulinzi wote huo, na bado wanakosea. Kesi ya Cameron Todd Willingham kila Mtanzania anayetaka kunyonga angepaswa kuijua. Nyumba yake mjini Corsicana iliungua Desemba 1991, binti zake watatu wakafa. Wachunguzi wakasema moto uliwashwa kwa makusudi, kwa sababu vioo vya dirisha vilikuwa na nyufa nyembamba kama utando wa buibui na sakafu ilikuwa na madoa kama ya mafuta yaliyomwagwa. Sayansi ya moto ilikuja kuonyesha kwamba nyufa hizo hutokea kioo cha moto kinapomwagiwa maji ya kuzimia, na kwamba chumba kinapowaka chote kwa pamoja huacha madoa hayo hayo bila tone la petroli. Ripoti ya mtaalamu iliwafikia wakuu wa jimbo kabla ya siku ya mwisho. Alichomwa sindano ya sumu Februari 2004. Kwa nchi nzima, tangu 1973 watu wapatao 200 waliohukumiwa kifo wameachiwa baada ya hatia zao kufutwa.

Sasa rudi nyumbani, ambako mara nyingi ushahidi ni shahidi aliyemtambua mtu usiku, au maelezo ya kukiri polisi. Mahakama ya Rufani iliweka masharti tangu kesi ya Waziri Amani mwaka 1980: taa ilikuwa ya aina gani na ilitoa mwanga kiasi gani, umbali ulikuwa upi, shahidi alimtazama kwa muda gani, alikuwa akimfahamu kabla? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai nayo inatoa saa nne za msingi za kumhoji mtuhumiwa tangu akamatwe, na maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huo bila nyongeza halali hukataliwa. Mpaka leo Mahakama ya Rufani inafuta hatia za mauaji kwa sababu hizo mbili. Kila hukumu inayofutwa ni mtu ambaye kamba ya haraka ingemmaliza.

Kuhusu kuzuia uhalifu, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia tafiti za miongo kadhaa na mwaka 2012 likasema haziwezi kuonyesha kwamba adhabu ya kifo inapunguza mauaji, inaongeza au haina athari, na zisitumike kutunga sera. Majimbo yasiyo nayo kwa miaka mingi yamekuwa na wastani wa mauaji ulio chini kuliko yaliyo nayo. Hainishangazi. Anayekwenda kumkata mtu mwenye ualbino kiungo anahesabu kwamba hatakamatwa. Mahakama za Kanda ya Ziwa zilitoa hukumu za kifo kwa wauaji wa aina hiyo tangu 2009. Kinachomtisha muuaji ni mpelelezi atakayefika mapema, alama za vidole zitakazohifadhiwa vizuri na shahidi atakayelindwa, na huko ndiko fedha zinakokosekana.

Tanzania haijanyonga tangu katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba asipelekewe orodha ya kunyonga. Wengi huiita huruma. Mimi siioni hivyo, kwa sababu hukumu zinaendelea kutolewa na mfungwa anaishi akijua kwamba saini moja ya Rais yeyote ajaye inatosha. Jaji Mwalusanya alisema mwaka 1994, katika kesi ya Mbushuu, kwamba adhabu hii inavunja Katiba. Mahakama ya Rufani ikamtengua mwaka uliofuata. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyopo Arusha kwetu, iliamua katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba ulazima wa kifungu cha 197 unavunja haki ya kuishi, ikaagiza ulazima huo uondolewe.

Bunge likiamua kukibadili, litazame majirani kabla ya kuandika. Uganda, katika kesi ya Kigula mwaka 2009, iliondoa ulazima na pia ikaweka ukomo: rufaa zikiisha na miaka mitatu ikapita bila kunyongwa, adhabu inageuka kifungo cha maisha. Kenya iliondoa ulazima kwa mauaji Desemba 2017, kesi ya Muruatetu, lakini mahakama za chini zikaanza kupunguza hata adhabu za unyang'anyi wa kutumia nguvu na ubakaji, mpaka Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo mwaka 2021 kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji pekee. Kwa hiyo marekebisho yetu yataje waziwazi makosa yanayohusika, Mahakama Kuu ndiyo isikilize upya adhabu za waliokwisha kuhukumiwa, kila mmoja apewe wakili na ripoti ya ustawi wa jamii, na familia ya marehemu ipewe nafasi ya kusikilizwa.